Friji Izimwe

Dada anarekodi. Friji izimwe.
Feni izimwe. Bomba la uani likazwe,
maana tone moja, anasema, huingia kwenye wimbo
kama mgeni asiyevua viatu.

Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
magodoro mawili tumeyasimamisha ukutani,
blanketi la hospitali limeziba dirisha,
na Mejumaa binti Mbwana,
mwenye cheti cha muhuri wa lakiri kutoka mji wa theluji,
kapiga magoti chini ya meza ya chakula
kwa kuwa hapo tu, nyumba nzima, hakuna mwangwi.

Miaka sita walimfundisha kusimama.
Miguu hivi. Mabega hivi. Pumzi ishuke kiunoni,
kinywa kikae kama kimebeba yai la moto.
Aliandika: leo nimeimba Kijerumani, habari za mto
ambao sijauona, na wazee wenye makoti wamelia.
Mama akamsomea jirani barua ile, akarudia,
kisha akauliza: sasa hao wazee, wamemlipa?

Aliporudi tulingoja aitwe.
Hoteli ya Raskazone ilimtaka aimbe polepole
watu wasisumbuke na kamba wao.
Studio ya Dar ikasema, sauti unayo, ipunguze.
Wazee wa taarabu, waliopiga na marehemu baba,
walimsikiliza mpaka mwisho, wakampa soda,
na mwenye kanuni akamwambia kwa upole:
mwanangu, unaimba kama mtu anayesoma.

Hilo ndilo lililomchoma.
Siku tatu hakufungua mlango.
Ya nne akauza cherehani, akanunua maikrofoni.
(Cherehani ilikuwa ya mama. Mama hajasahau.)

Mimi nauza barafu. Ukwaju, ubuyu, maziwa na iliki.
Wimbo mmoja huimbwa mara kumi na moja,
friji kimya tangu asubuhi,
na saa saba watoto wa madrasa wanapita,
wanabonyeza mfuko, wananitazama:
Kaka Hatibu, hii ni juisi.

Nina daftari.
Wimbo wa ngazi za Bombo: barafu themanini.
Wimbo wa mpaka chokaa: mia na arobaini,
alikuwa na mafua akakataa kukubali.
Wimbo wa baba: sikuandika.
Siku ile umeme ulikatika wenyewe.

Mapato nayo nimeyaandika.
Mtu wa Pangani alituma elfu mbili, na neno: ya maji.
Nesi wa zamu ya usiku, sijui wa wapi, elfu moja kila mwezi.
Onyesho la ukumbi wa shule: viti sitini,
watu kumi na tisa, watano kati yao walikimbia mvua.
Mvua ilipokatika
hawakuondoka. Hilo nalo nililiandika,
ingawa sikujua niliweke safu gani.

Halafu ile Jumanne ya joto nikagoma.
Nilikuwa na oda ya maulidi, mifuko mia tatu.
Nikasema: leo haizimwi, imba barabarani.
Hakunijibu. Akaja akaegemeza sikio kwenye mlango wa friji
kama daktari, akafumba macho,
akaichukua fidla ya baba juu ya kabati,
akaulegeza waya wa tatu, kidogo, kidogo tena,
hadi viwili vikawa kitu kimoja.

Akaimba. Mara moja tu.
Si kwa kusimama, si kwa yai la moto.
Aliimba kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.
Mama alikuwa anachambua mchele; akaacha.

Yule nesi akaandika: chombo gani hicho cha chini, kinachovuma?
Dada akamjibu: cha mdogo wangu.

Leo anarekodi tena. Friji iwake, anasema,
ila nipunguze maziwa na iliki.
Ikijaa sana, inapanda sauti.